Mizigo ya Lita Moja

Jumanne inayotangulia Jumatano ya kwanza ya mwezi, vituo vya mafuta vya Dar es Salaam huwa na watu wengi kuliko siku nyingine. Ikisikika kwamba bei itapanda, bodaboda hujaza tangi mpaka mdomoni, mwenye daladala humtuma kijana na dumu, na baadhi ya vituo hutundika kibao cha "mafuta yamekwisha" ilhali lori limeshusha jana yake. Ikisikika kwamba bei itashuka, mambo hugeuka. Mwenye gari huweka lita mbili za kumfikisha asubuhi, na mwenye kituo ndiye anayehangaika kumaliza shehena aliyoinunua ghali. Saa 6 usiku ikishapita, bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinaanza kutumika, na kukikucha konda wa Mbagala na mama wa genge la Mabibo wanazijua kwa kichwa, mpaka shilingi ya mwisho.

Tumeishi na matangazo haya tangu mwaka 2009. Maswali yetu hayabadiliki: imepanda au imeshuka? Kwa nini lita ya Kyerwa, kule Kagera, iizidi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi mia mbili? Nani anakula hapa katikati? Ni maswali ya haki. Lakini lipo jingine tusilolizoea, nalo ndilo nataka kulishughulikia hapa: ni nani hasa anayeitegemea petroli katika nchi hii? Wengi wetu tutamtaja mwenye bajaji, mwenye lori, mkulima mwenye pampu ya kumwagilia. Mimi, kwa kuzifuatilia bajeti za Juni mwaka baada ya mwaka, nimefika kwingine. Mtegemezi mkubwa kuliko wote ni Serikali yenyewe, na utegemezi huo ndio unaoifanya nishati mbadala ikaribishwe kwenye hotuba na kuzuiwa mlangoni.

Tanzania haichimbi mafuta. Kila lita tunayochoma imekuja na meli ikiwa imekwisha kusafishwa, ikashushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966, kiliacha kusafisha zamani na sasa kinahifadhi mafuta ya wengine. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013. Kwa hiyo bei tunayoisoma Jumatano imetengenezwa kwa vipande: bei ya soko la dunia, gharama za meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, tozo za bandarini, kodi za Serikali, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, nauli ya lori mpaka mikoani. EWURA ina sauti kwenye vipande vichache vya mwisho. Vilivyobaki inavijumlisha tu, kisha inasimama mbele ya vipaza sauti kubeba lawama za bei iliyopangwa mbali.

Hata hivyo sitaki kuidharau kazi hiyo. Wazee wetu waliujua udhibiti wa namna nyingine. Bei ya mafuta ya dunia iliporuka mwaka 1973, ikaruka tena 1979 huku nchi ikitoka kwenye vita ya Kagera, Serikali haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia. Petroli ikawa ya mgao, na gari binafsi kutembea Jumapili alasiri likawa jambo la kuombewa kibali. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukahamia upande wa pili kabisa: kila kampuni iliagiza kivyake, meli ndogo ndogo zikapanga foleni bandarini zikihesabiwa gharama za kusubiri, na gharama hizo zikamwangukia mnunuzi. Bei kikomo zilileta uwazi. Uagizaji wa mafuta kwa pamoja, uliokuja miaka michache baadaye na ambao sasa unasimamiwa na wakala wa PBPA, ulileta meli kubwa, zabuni za wazi na takwimu ambazo Mamlaka ya Mapato inaweza kuzihakiki. Haya ni mafanikio, na ninayasema kwa moyo mweupe.

Lakini kisa cha uchakachuaji kinatufundisha zaidi kuliko mafanikio hayo, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo, kwa sababu nzuri kabisa: ndiyo yaliyowasha koroboi kijijini na jiko la mchina kwenye chumba cha kupanga mjini. Dizeli ilitozwa sana. Pengo kati ya kodi hizo mbili likawa mtaji wa wajanja. Lori lililotoka bandarini na dizeli safi lilifika mkoani likiwa limechanganywa na mafuta ya taa, na injini za watu zikafa. Neno "kuchakachua" likaenea kiasi kwamba kufikia uchaguzi wa 2010 watu walikuwa wakilitumia hata kwa kura. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka huo huo, ili sampuli ya kituo chochote ionyeshe kama yamelipiwa kodi na hayakuchanganywa. Kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuliziba pengo lile. Faida ya kuchanganya ikafa, na uchakachuaji ukapungua kama ilivyokusudiwa.

Ila bei ya mafuta ya taa ilipaa usiku mmoja. Familia iliyokuwa ikinunua kwa kipimo cha chupa ya soda haikuwa imechakachua kitu, lakini ndiyo iliyolipa. Kijijini watu walikaa gizani mpaka taa ndogo za sola zilipopungua bei na kuwafikia. Mjini walioacha jiko la mchina walihamia kwenye mkaa, na mkaa wa Dar es Salaam unakatwa Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi. Hakuna aliyekaa mezani akaandika "sera ya kuwahamishia watu kwenye mkaa." Ilitokea kwa njia ya kodi. Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba sera halisi ya nishati ya nchi hii imo ndani ya Sheria ya Fedha kuliko ndani ya vitabu vya sera vyenye picha za mitambo ya upepo.

Tuifungue basi Sheria ya Fedha. Mwaka 2015 tozo ya petroli iliongezwa kutoka shilingi 50 hadi 100 kwa lita ili kuupa uwezo Mfuko wa Nishati Vijijini. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na wengi tulishangilia, lakini mzigo wake ulihamishiwa kwenye mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita, mpaka kwa mwenye kibatari asiye na gari wala baiskeli. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini zilizo chini ya TARURA. Ile ya 2023/24 ikaongeza 100 nyingine za miradi ya kimkakati. Ya 2025/26 ikaongeza 10 za kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Zote hizi zimekaa juu ya ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara vilivyokuwapo tangu awali.

Tazama lita moja imebebeshwa nini: barabara kuu, barabara ya kijijini, nguzo ya umeme ya REA, wakala wa nishati vijijini, treni ya umeme, dawa ya mgonjwa. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Barabara ya kutoka shambani ni uhai, na nguzo ya REA imebadilisha vijiji ninavyovijua. Sababu ya Hazina kuipenda petroli inaeleweka pia. Mafuta yanaingilia milango mitatu tu ya bahari, yanapimwa kwa lita, yana vinasaba, na hakuna anayeweza kuyauza uchochoroni kwa wingi bila kuonekana. Kumtoza mwenye duka la Kariakoo ni vita ya kila siku. Kutoza meli ni kusoma mita. Kila waziri wa fedha anayetafuta hela ya haraka anajua mahali pa kuipata.

Tatizo linaanza pale tunapotaka lita hizo zipungue. Nguzo ya umeme inalipiwa na petroli inayochomwa. Umeme ukifanya kazi tuliyoutuma, yaani watu wakaendesha bajaji za kuchaji, mfuko wa nguzo unapungua. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inawaondoa watu kwenye mabasi ya dizeli. Kila basi linaloachwa ni tozo iliyopotea. Mtu wa Hazina hahitaji kuwa mbaya wala kuhongwa na kampuni ya mafuta ili aiogope nishati mbadala. Inatosha afanye hesabu zake kwa uaminifu.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipolipua bei na petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa bei za mwezi Juni, na ikaendelea na ruzuku katika miezi iliyofuata. Ilikuwa nafuu ya kweli. Nauli na bei ya unga zingekwenda mbali zaidi. Lakini mkono uliotoa ruzuku ndio uliokuwa ukikusanya tozo kwenye lita ile ile, na fedha zote hizo hazikupunguza hata pipa moja la mahitaji yetu ya mwaka uliofuata. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, mafuta yalikosekana mikoani na EWURA ikavifungia vituo kadhaa kwa kuficha. Mwenye kituo anayeficha anastahili adhabu. Uhaba wa dola, hata hivyo, hauadhibiwi kwa kufuli.

Kwenye gesi asilia ndipo suala hili linapouma zaidi, kwa kuwa gesi ni yetu. Iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, mwaka 1974. Ilifika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Miaka thelathini! Katikati hapo tulitegemea mabwawa, na mvua ilipokata tulikimbilia mitambo ya kuchoma mafuta. Mtambo wa kampuni binafsi ya IPTL wa Tegeta, uliotumia mafuta mazito, ulituachia malipo ya uwezo wa mitambo, kesi zisizokwisha, na mwishowe kashfa ya akaunti ya Escrow ya 2014. Hata baada ya gesi kufika, ukame wa 2006 ulituletea mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Watu huvikumbuka visa hivyo kwa upande wa siasa. Mimi naviona kama bei ya kutokuwa na mpango: taifa linalonunua umeme likiwa gizani hununua kwa masharti ya muuzaji.

Bomba la kutoka Mtwara lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500 lilizinduliwa mwaka 2015, baada ya machafuko ya 2013 ya wananchi waliouliza kwa nini gesi ipite kwao kwenda Dar es Salaam bila kuwaachia kitu. Kwa miaka mingi bomba hilo lilipitisha gesi kidogo mno kulinganisha na upana wake. Na huku juu yake, barabarani, magari yalikuwa yakichoma petroli ya Ghuba.

Usiku mmoja niliketi na madereva wa bajaji kwenye foleni ya gesi upande wa Ubungo. Ilikuwa yapata saa nne, na mkia wa foleni ulikuwa umekata kona. Wengine walikuwa wamejilaza kiti cha abiria, miguu nje. Kijana mmoja aliyenipisha nafasi ya kukaa aliniambia, "Mzee wangu, kwa gesi narudi nyumbani na hela. Tatizo nalala hapa." Hakuhitaji kuhamasishwa juu ya nishati mbadala. Alikuwa amekwisha kukopa, akafunga mtungi, akapiga hesabu yake vizuri kuliko semina yoyote. Alichokosa ni pampu.

Pampu zilikosekana kwa sababu za kiudhibiti kwanza. Kituo cha gesi kinahitaji bomba karibu au lori maalumu la kuisafirisha ikiwa imeshindiliwa, kinahitaji kompresa inayonunuliwa kwa dola, na kinahitaji mwekezaji aamini kwamba masharti ya leo yatakuwapo miaka kumi mbele. Kwa muda mrefu vituo vilihesabika kwa vidole wakati idadi ya magari yenye mitungi ilikuwa ikipanda kila mwezi. Vituo vipya vimeanza kufunguliwa, kikiwamo kituo mama cha shirika la mafuta la TPDC barabara ya Sam Nujoma, na nafuu inaonekana. Lakini Juni 2024, foleni zikiwa bado ndefu kiasi hicho, hotuba ya bajeti ilikuja na pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi inayojazwa kwenye magari. Hoja ilikuwa kwamba magari ya gesi yanatumia barabara bila kuzichangia.

Hoja hiyo ina ukweli, na waliolipinga pendekezo kwa kusema "gesi ni yetu, isitozwe" hawakuijibu. Tairi la bajaji ya gesi linasugua lami sawasawa na la petroli. Kosa lilikuwa mahali na wakati. Mtu aliyelala kwenye foleni akisubiri mbadala uliokuwa haujasimama vizuri aliambiwa kwamba mfereji wa petroli unavuja, na yeye ndiye wa kuuziba. Ujumbe aliopata mwekezaji wa pampu ulikuwa mbaya zaidi: unafuu wa gesi, ambao ndio unaomleta mteja, unaweza kubadilishwa kwa aya moja ya muswada wa Juni.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea kwenye umeme wa gridi ndogo. Kuanzia 2008 Tanzania iliweka kanuni za wazalishaji wadogo wa umeme zilizosifiwa Afrika nzima, na mitambo ya jua ikaota mahali ambapo shirika la umeme, TANESCO, lisingefika upesi, kisiwa cha Ukara cha Ziwa Victoria kikiwamo. Uniti moja huko ilikuwa ghali mara nyingi kuliko ya TANESCO, na wananchi walilalamika kwa haki: kwa nini mvuvi wa Ukara alipe kuliko tajiri wa Masaki? Mwaka 2020 Serikali iliagiza bei ishuke ilingane na shilingi 100 ya vijijini. Bei ya TANESCO, hata hivyo, inabebwa na gridi nzima na fedha za umma, wakati mwekezaji wa kisiwani anabeba betri zake mwenyewe. Agizo bila ruzuku ya kuziba pengo lilikuwa amri ya kutowekeza tena. Ungeweza kumpa mvuvi bei ya TANESCO na bado ukamlipa mwekezaji tofauti, kwa sehemu ndogo tu ya kile kilichotumika kwenye ruzuku ya petroli ya 2022.

Sasa tuna umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lilianza kutoa umeme Februari 2024, na mitambo yote ilikamilika 2025. Machi 2024, mvua zikiwa nyingi na mtambo wa kwanza ukizunguka, vituo vingine vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kwa aliyepitia mgao wa 2006, wa 2011 na wa miaka ya karibuni, habari hiyo ilikuwa kama ya nchi nyingine. Sisahau kwamba bwawa limejengwa ndani ya hifadhi iliyokuwa sehemu ya Selous, wala kwamba mvua iliyojaza inaweza kukata. Lakini umeme wa usiku wa manane, viwanda vikiwa vimelala, ndio hasa unaofaa kuchaji pikipiki elfu kwa elfu. Hatujajipanga kuutumia.

Kenya inatuonyesha kwamba umeme safi peke yake hautoshi. Olkaria ilianza kutoa umeme wa jotoardhi mwaka 1981, na leo mvuke wa Bonde la Ufa ndio unaotoa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote cha umeme wao. Ukiongeza upepo wa Turkana, maji na jua, karibu umeme wote wa Kenya hautokani na mafuta. Na bado Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi iliuzwa shilingi za Kenya 217.36, miezi michache baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mvuke wa Olkaria haumfikii mwenye matatu. Hazina ya Nairobi inaumwa ugonjwa ule ule wa Hazina ya Dodoma.

Lakini Wakenya walifanya jambo moja la kuigwa. Mwaka 2023 mdhibiti wao, EPRA, aliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na nusu yake saa ambazo matumizi ni madogo. Ni hatua ndogo kwenye jedwali la bei, lakini iliwapa wenye pikipiki za umeme namba ya kuandika kwenye mpango wa biashara. Ethiopia ilikwenda kwa ukali: mapema 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu haikuwa na dola za kuyanunulia mafuta huku ikiwa na mabwawa makubwa. Wanunuzi wanahangaika na vipuri, na nje ya Addis Ababa vituo vya kuchajia ni vya kutafuta. Siupendi mtindo wa amri ya ghafla. Ninachokiheshimu ni kwamba serikali ile ililiona gari la petroli kama deni la dola linalotembea.

Jikoni nako tunajichanganya wenyewe. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Nimekula chakula cha shule kilichopikwa kwenye moshi unaotoa machozi, na namshukuru kwa dhati yeyote atakayeuondoa. Lakini mitungi inayogawiwa kwenye mikutano imejaa gesi ya mafuta inayokuja na meli, inayonunuliwa kwa dola. Siyo ile ya Songo Songo, ingawa watu wengi huamini hivyo. Tukifaulu kumtoa mama kwenye mkaa na kumkabidhi mtungi, tutakuwa tumeokoa mapafu na misitu, na tumeongeza mizigo ya meli. Gesi yetu wenyewe imefika kwenye majiko ya nyumba chache tu za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi.

Njia iliyo karibu zaidi ni umeme, na huko utakutana tena na mdhibiti. Mteja mdogo wa TANESCO, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, bei inaruka zaidi ya mara tatu. Kiwango hicho kilibuniwa kwa nyumba ya taa, redio na simu. Mama anayechemsha maharage kwenye jiko la presha la umeme anatumia umeme kidogo kuliko anavyodhani, lakini akipika kila siku kwa familia ya watu sita atavuka uniti 75 kabla mwezi haujaisha, kisha atarudi kwenye mkaa. Mkakati unamwambia apike kwa umeme na Luku inamwadhibu kwa kupika. Kuongeza kiwango hicho kwa nyumba zenye jiko la umeme kungegharimu saini, na hesabu ambayo bwawa la Rufiji limekwisha kuirahisisha.

Kwa upande wa barabara, tuache kujifanya kwamba lita itazibeba milele. New Zealand iliyatoza magari ya dizeli kwa kilomita na uzito tangu 1978, na Aprili 2024 ikayaingiza magari ya umeme kwenye utaratibu huo. Ni sahihi zaidi kuliko tozo ya lita, kwa kuwa lori la tani nyingi ndilo linalovunja lami. Sisi tunazo mizani za Vigwaza na Mikese zinazopima malori usiku na mchana. Tuna stika, tuna kumbukumbu za usajili, tuna simu zinazolipa kila kitu. Tuanze na malori na mabasi. Bodaboda na bajaji za gesi au umeme zipewe miaka kumi ya wazi iliyoandikwa kwenye sheria, siyo kwenye hotuba. Kisha kila mwaka lita iteremshwe mzigo mmoja: kwanza nguzo za REA, maana haifai umeme uishi kwa kuombea petroli iuzwe, halafu tozo ya miradi iliyokwisha kukamilika.

Hatuanzi kutoka sifuri. Daraja la Nyerere la Kigamboni linatoza wanaopita tangu 2016. Wakazi wamelilalamikia tangu siku ya kwanza, viwango vimepunguzwa, na malalamiko hayajaisha. Najua, nami nimo. Lakini bajaji ya petroli ikifika pale, ya gesi ikifuata na ya umeme nyuma yake, zote tatu hulipa sawa na zote tatu hupita. Yule kijana wa foleni ya Ubungo analipa pale kila anapompeleka abiria Kigamboni, kwa mtungi alioujaza saa nane usiku.